Kiapo cha Bustani

Kilima kilichokuwa nyuma ya Shule ya Msingi Lugoweka hakikuwa na sifa yoyote njema. Kilisimama kama ukuta, kimejaa mawe na vichaka vya miiba. Watu wa huku juu Mgeta wamezoea kulima mahali ambapo mgeni hathubutu hata kusimama, lakini hata wao kilima kile walikuwa wamewaachia mbuzi. Kwa hiyo Mwalimu Dominiko alipolitangazia darasa la sita kwamba pale ndipo patakapokuwa bustani ya shule, wanafunzi walitazamana, na Bonifasi, ambaye hakuwahi kuacha neno limpite, akauliza kama Mwalimu alimaanisha wapande mawe.

Mwalimu Dominiko hakukasirika. Alikuwa mtu wa Songea, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyeletwa shuleni hapo kufundisha kilimo na siasa, na yote mawili aliyaamini kwa moyo wake wote.

"Mawe tutayang'oa," alisema. "Tukishayang'oa tutaona kilichokuwa chini yake."

Wakaanza. Mwanaheri binti Mwinjuma alichaguliwa kiranja wa bustani, kwa sababu alikuwa msichana asiyependa mzaha kazini na mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde. Asubuhi aliwapanga wasichana mstari mmoja kutoka juu hadi chini, wakapokezana mawe mkono kwa mkono, huku wavulana wakichimba ngazi za udongo na kuzishikiza kwa mawe yale yale. Kila mwanafunzi alitakiwa kuja shuleni na kopo la samadi kutoka zizini kwao. Ikawa ukitembea njia za Lugoweka asubuhi, mwanafunzi unamnusa kabla hujamwona. Wazazi walicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kilima kilianza kubadilika mbele ya macho yao.

Kilichobaki kilikuwa maji. Kijito kilipita upande wa pili wa kilima, mbali kiasi cha kuwachosha hata watu wazima wenye ndoo. Hapo ndipo Mikaeli alipojitokeza. Alikuwa kijana mfupi, mpole, aliyekaa dawati moja na Mwanaheri na kuzungumza kana kwamba maneno yanauzwa. Alikata mianzi, akaipasua katikati, akaondoa mafundo ya ndani kwa patasi ya marehemu babu yake, akaanza kuiunganisha kuanzia kijitoni, akiizungusha begani mwa kilima juu ya nguzo za matawi. Wenzake walipoona alichokuwa akifanya, wote wakamwendea, wengine kukata, wengine kushika, wengine kupiga kelele tu. Siku maji yalipotokeza kwenye mwanzi wa mwisho, yakiwa machafu na yamejaa vijiti, darasa zima lilipiga yowe hata mwalimu mkuu akatoka ofisini akidhani mtu ameanguka. Mikaeli alisimama pembeni akitazama chini, akicheka peke yake. Mwanaheri alikumbuka kicheko kile kwa miaka mingi.

Msimu wa kwanza walivuna kabichi, karoti na njegere. Mchana, badala ya uji peke yake, watoto walipata ugali na mboga. Kulikuwa na watoto ambao chakula kile kilikuwa mlo wao mkubwa wa siku, na hakuna aliyewacheka.

Kisha, walipoingia darasa la saba, mvua ikakatika. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne, ambao watu wazima mpaka leo wakiutaja hushusha sauti. Vuli haikuja kabisa. Masika ilitema mate mara mbili tatu ikaenda zake. Habari zilipanda mlimani na utingo wa malori ya mboga: Dumila mahindi yamekaukia shambani yakiwa yamesimama, Gairo watu wanachimba mizizi. Baadaye hata malori yenyewe yakaacha kupanda, maana hakukuwa na cha kupakia. Serikali ikaleta unga wa njano, ule watu waliouita unga wa Yanga kwa rangi ya jezi za timu ile ya mpira, ukagawiwa kwa kibaba mbele ya balozi wa nyumba kumi. Redioni walihimizwa Kilimo cha Kufa na Kupona, na wazee walisikiliza wakiyatazama mashamba yao ya vumbi.

Kijito cha Lugoweka kilipungua lakini hakikukauka. Maji yaliendelea kutambaa katika mianzi ya Mikaeli, membamba kama uzi, na bustani ya shule ikabaki kijani. Ukisimama ng'ambo ya bonde ulikuwa ukiona mlima mzima umekuwa rangi ya ngozi kavu, na katikati yake kiraka kimoja cha kijani. Sifa zikafika wilayani. Ikaja taarifa kwamba wageni wakubwa watakuja kuitazama, na kwamba Lugoweka huenda ikapewa ngao ya shule bora ya kujitegemea.

Siku ile ile Mwalimu Dominiko akatoa amri kwamba kabichi zisiguswe tena.

"Mpaka wageni wazione," alisema. "Baada ya hapo tutakula. Vumilieni kidogo, wanangu. Tumetoka mbali."

Wakavumilia. Mchana walikunywa uji mwepesi wa unga wa njano wakiwa wamekaa barazani, macho yao kwenye kabichi zilizozidi kufunga na kunona. Mtoto mmoja wa darasa la pili alianguka mstarini asubuhi, akazinduliwa kwa maji, akarudishwa mstarini.

Mikaeli hakuwapo kuyaona hayo. Baba yake alikuwa ameteremka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na hakuna aliyesikia habari zake tena. Mama yake alijifungua mtoto aliyekufa, na baada ya uzazi ule miguu yake ikavimba, hakuweza tena kushika jembe. Mikaeli akaacha shule ili afanye vibarua na kumlea mdogo wake Eva, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akimfuata kila mahali kama kifaranga. Asubuhi jina lake likaitwa, likajibiwa na kimya, mwisho likaacha kuitwa. Mwanaheri alikuwa akikusudia kwenda kumwona. Kila siku alikusudia, na kila siku kulikuwa na kumwagilia, kupalilia, kupanga zamu za ulinzi.

Kwa maana kabichi zilikuwa zimeanza kuibwa.

Mwanzoni ilikuwa moja, ile ya pembeni kabisa, imekatwa kwa kisu kwa uangalifu, shina likafunikwa udongo. Mwanaheri aliligundua shina lile kwa sababu alizijua kabichi zake kama mama anavyojua vichwa vya wanawe. Baada ya siku chache ikaondoka nyingine. Waliweka zamu, lakini mwizi aliijua bustani. Alijua wapi pa kupita bila kuvunja tuta, na alijua saa ambayo walinzi huchoka na kwenda kunywa maji. Ilipopotea ya nne, Mwanaheri alikaa chini kwenye tuta akalia kwa hasira. Mikono yake ilikuwa na sugu za mawe ya kilima kile. Naye alikuwa na njaa. Hakuwahi kung'oa hata jani.

Wakati huo huo viwavi waliingia. Mwalimu Dominiko akaleta mkebe wa dawa aliyoipata bondeni, dawa ya pamba, kali, yenye picha ya fuvu. Taratibu ya bustani ilikuwa inajulikana: dawa ikipulizwa, kiranja anatundika kitambaa chekundu kwenye mti uliosimikwa katikati ya matuta, nacho kinakaa hapo mpaka Mwalimu aseme kimemaliza kazi. Kitambaa kikiwapo, hakuna mtu wa shule wala wa kijiji anayegusa jani. Hata wachunga mbuzi walilijua hilo.

Mchana wa kupuliza, darasa la saba walikutana nyuma ya darasa lao. Dirisha la Mwalimu Dominiko lilikuwa wazi juu ya vichwa vyao, na waliweza kumsikia akikohoa.

Bonifasi ndiye aliyelianza. Alikuwa amelibeba bomba la dawa mgongoni asubuhi nzima na nguo zake zilikuwa zinanuka.

"Nimeichanganya kali," alisema. "Viwavi wote chali. Sasa mimi nauliza, kwa nini tumtundikie mwizi kitambaa? Tunamwambia leo usile, njoo wiki ijayo?"

Watu wakacheka. Asia, msichana mwembamba aliyekuwa rafiki wa Mwanaheri, hakucheka. "Atakufa," alisema.

"Hafi. Kabichi inaoshwa, inapikwa. Ataharisha tu. Ataharisha mpaka kijiji kizima kijue ni nani. Tumbo lake ndilo litakalomsema."

"Na kama ni mtoto?"

"Mtoto gani anakata kabichi kwa kisu na kufukia shina? Huyo ni mtu mzima na akili zake. Sisi tunashinda njaa tukimlimia."

Maneno hayo yaliwaingia. Mmoja akasema kweli. Mwingine akasema kweli kabisa. Wakamgeukia Mwanaheri, kwa sababu kitambaa kilikuwa kwake, mkononi, tayari kwa kutundikwa.

Alitazama dirishani. Kikohozi kilikuwa kimenyamaza. Aliona kivuli cha bega la Mwalimu Dominiko, karibu kabisa na fremu, kimetulia kama cha mtu anayesikiliza. Akangoja. Alingoja kwa moyo wake wote asikie ile sauti ya chini ikisema, wanangu, acheni upuuzi. Badala yake kiti kilisogezwa, na Mwalimu akasema kutoka ndani, pasipo kutoa kichwa, "Mambo ya bustani ni yenu. Mimi sijasikia kitu."

Mwanaheri akakikunja kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni mwa sketi.

Wakaapa. Kila mmoja alichota udongo wa bustani kwa kidole akaugusisha ulimini, kwamba hatasema kwa mtu yeyote asiye wa darasa lile, awe mzazi, awe ndugu. Asia naye alilamba, akiwa wa mwisho.

Jioni ya siku iliyofuata Mwanaheri aliteremka kijitoni na ndoo, akamkuta Mikaeli amechuchumaa anajaza kibuyu. Eva alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa kanga ya mama yao, miguu imekonda kama vijiti vya kuwashia moto. Mwanaheri alishtuka jinsi Mikaeli mwenyewe alivyopungua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Mama anaendeleaje?"

"Yupo."

"Na shule, husemi chochote?"

"Nitarudi. Mvua ikinyesha." Akauinamisha uso akaitazama mianzi yake iliyopita juu yao. "Hii inavuja pale kwenye kiungo. Mngefunga na maganda ya mgomba."

"Nitawaambia."

Eva alikuwa anamtazama Mwanaheri kwa macho makubwa, ananyonya kidole. Mikaeli akanyanyuka, akauliza kama anayeuliza kitu kisicho na maana, "Kabichi zimefunga?"

"Zimefunga. Zimekuwa kubwa."

"Vizuri."

Neno lilimpanda Mwanaheri mpaka kwenye meno. Ilimpasa tu kufumbua kinywa: tumepuliza dawa, hatukuweka kitambaa. Lakini alikuwa ameapa, na Mikaeli hakuwa tena wa darasa lile. Tena, angeanzia wapi kumwambia bila ya kuonekana anamshuku? Mikaeli, wa kushukiwa! Mtu aliyeyaleta maji! Lilikuwa jambo la aibu hata kulifikiri. Akajitwika ndoo, wakaagana, kila mmoja akashika njia yake.

Kulipopambazuka kesho yake, vilio vilisikika kutoka upande wa kwa kina Mikaeli. Mama yake Mwanaheri alikuwa anachochea moto. Alisimama akasikiliza, akafunga kanga kiunoni. "Huo ni msiba," alisema, akatoka. Mwanaheri alimfuata bila viatu. Alianza kukimbia kabla hawajafika kwenye kona, na tayari alikuwa anajua.

Eva alikuwa amelazwa mkekani, amefunikwa mpaka kidevuni. Povu lilikuwa limekauka pembeni mwa mdomo. Mama Mikaeli alikaa na miguu yake mikubwa imenyooshwa mbele, akimtazama kila aliyeingia kana kwamba anatafuta uso fulani. Majirani walikuwa wakisema degedege, mmoja akanong'ona kuna mkono wa mtu. Mikaeli alikuwa uani, wanaume wanamfunga kwenye machela ya miti wamteremshe zahanati ya misheni, mwili mzima unamtetemeka na mate yanamtoka asiweze kuyazuia. Jikoni, juu ya mafiga, kulikuwa na chungu, na ndani yake kabichi iliyopikwa nusu. Mama mmoja wa jirani aliyekuwapo tangu mwanzo alikuwa anasimulia: mtoto alikuwa analia njaa, chungu hakijachemka, basi kaka yake akambandulia majani ya nje atafune anyamaze. Na kweli alinyamaza. Kaka naye akatafuna. Mama mwenyewe hakula, hana hamu ya chakula siku hizi.

Mwanaheri alitoka akajiegemeza ukutani nyuma ya nyumba.

Walimzika Eva mchana, katekista akiongoza sala. Darasa la saba walikuja wote na sare zao, wakasimama pamoja, na hawakutazamana. Bonifasi alibeba udongo kwa mikono badala ya koleo.

Bwana afya alipanda kutoka bondeni pamoja na askari na ofisa mmoja wa wilayani. Kabla hawajafika, Mwalimu Dominiko aliwakusanya darasani na kufunga mlango. Alikuwa hajanyoa, na chaki aliyoishika ilikatikia mkononi mwake.

"Kitambaa kilitundikwa," alisema. "Upepo ulikiangusha. Ndivyo ilivyokuwa. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haitamrudisha yule mtoto. Hakuna kitakachomrudisha. Lakini hii shule…" Akageukia ubao akakaa vile, amewapa mgongo, na waliyaona mabega yake yakitikisika. "Nilikuwa nawatakieni mema," alisema ubaoni. "Mungu ananiona."

Nyumbani mama yake Mwanaheri hakuambiwa kitu, lakini mama ni mama. Alimwangalia bintiye asivyokula, akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto wa watu amekwisha kuzikwa. Wewe una mtihani mbele yako."

Wakaitwa ofisini mmoja mmoja. Waliotangulia walitoka wameinamisha vichwa. Zamu yake ilipofika, Mwanaheri aliamkia shikamoo, akaitikiwa, akasimama mbele ya meza. Ofisa alikuwa mtu mzima mwenye miwani, sauti yake ya upole kama ya mtu aliyechoka.

"Wewe ndiye kiranja. Kitambaa kilitundikwa siku hiyo?"

Mwalimu Dominiko alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya magoti. Hakumkazia macho. Pengine angemkazia macho, Mwanaheri angesema ndiyo.

"Hakikutundikwa."

"Unasemaje?"

"Hakikutundikwa. Nilikikunja mimi nikakitia mfukoni. Tulitaka mwizi augue tumjue. Tuliapa."

"Nani aliamua?"

"Sote."

Ofisa alivua miwani. "Na mwalimu wenu alijua?"

Nje, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanaimba namba.

"Alikuwa dirishani," Mwanaheri alisema. "Alisikia."

Mwalimu Dominiko alifumba macho. Hakusema kuwa ni uongo.

Walimteremsha kwa Landrover jioni ile ile, yeye na sanduku lake moja. Wengine walisema amefungwa, wengine wakasema amehamishiwa Kusini kwao; Lugoweka haikupata kujua. Wanafunzi hawakuadhibiwa. Ofisa alisema ni watoto, akaandika hivyo, akaondoka. Bonifasi alisubiri adhabu kwa siku nyingi, na ilipokosekana akaanza kupigana na kila mtu. Lakini Bonifasi hakumpiga Mwanaheri, alimpita tu kama anavyopita jiwe. Karibu darasa zima lilifanya hivyo. Waliokuwa wamepokezana mawe naye mkono kwa mkono sasa walihama dawati akikaa. Asia peke yake ndiye aliyemsalimia, na hata yeye alimsalimia wakiwa wawili tu.

Amri ilitoka kwamba bustani yote ing'olewe na kufukiwa. Darasa la saba ndio walioifanya kazi hiyo, kwa kuwa ndio walioilima. Walichimba shimo refu chini ya kilima. Watu wa kijiji walikuja wakasimama kando ya shimo wakitazama kabichi zikitumbukizwa, moja baada ya nyingine, nyeupe kwa ndani, nzito. Ilikuwa bado njaa. Kulikuwa na wanawake pale walioamka wamechemsha mizizi.

"Hata karoti?" mmoja aliuliza.

"Hata karoti, mama," bwana afya alimjibu.

Yule mama akafunika uso kwa upande wa kanga. Kilichosikika kilikuwa makoleo tu.

Mikaeli alipona kwa namna ya kupona. Alirudi kutoka misheni baada ya mwezi wa mfungo kuisha, mikono yake ikitetemeka hata asiweze kushika patasi. Mwanaheri alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yao, akasimama mbele yake.

"Sikujua kuwa ni wewe," alisema.

"Sikuulizi hilo." Mikaeli aliongea polepole, ulimi wake ukimsumbua. "Siku ile kijitoni. Ulijua kuna dawa?"

"Nilijua."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa bei aliyokuwa ameambiwa tayari. Kisha akasema, "Nilikuwa nachukua za pembeni tu. Ndogo ndogo. Nilidhani na mimi nina fungu langu pale."

Mikaeli akaingia ndani akafunga mlango taratibu. Wiki ile ile aliteremka kwa miguu kwenda kumtafuta baba yake kwenye mkonge, na mikono ile isiyoweza hata kushika kikombe. Hakurudi.

Basi Mama Mikaeli akabaki peke yake. Mvua ilipokuja hatimaye, mwishoni mwa mwaka, ikinyesha kwa fujo kama inayolipiza, Mwanaheri alichukua jembe la nyumbani kwao, akaenda kwenye kishamba cha yule mama, akaanza kulima bila kuomba ruhusa. Mama Mikaeli alitoka, akamwona, akarudi ndani. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu alitoka akasema, "Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama."

"Basi ondoka."

Aliondoka, na kesho yake akarudi. Akalima, akapanda mahindi na maharage, akapalilia. Mtihani wa darasa la saba ulipita na jina lake halikuwamo kati ya waliochaguliwa. Halikuwamo jina la mtu yeyote wa Lugoweka mwaka ule. Mama yake alimfokea kwamba anajitia utumwa kwa watu wasiomtaka. Majirani walisema anatafuta kusamehewa kwa nguvu, na labda walikuwa wakisema kweli. Mwenyewe hakujua anatafuta nini. Alichojua ni kwamba pale palikuwa na shamba, na mwenye shamba hawezi kuinama.

Miguu ya Mama Mikaeli ilinywea taratibu. Ikaja siku akatoka na jembe lake, akasimama tuta la pili, akaanza kupalilia. Hawakusemezana. Walienda hivyo, mmoja huku na mwingine kule, siku nyingi, mpaka maboga yalipotandaa na maharage ya kwanza yakaanza kukomaa.

Adhuhuri moja Mama Mikaeli aliingia jikoni, akakaa huko kwa muda. Alipoita, sauti yake ilikuwa kavu. Mwanaheri alinawa mikono akaingia, akakuta ugali mdogo na bakuli la majani ya maboga, yamechemshwa kwa chumvi. Palikuwa na vigoda viwili. Alikaa. Alinyoosha mkono mpaka karibu na bakuli, na hapo mkono ukasimama. Aliyaangalia yale majani ya kijani yaliyolegea.

Mama Mikaeli alimtazama. Usoni mwake hamkuwa na huruma wala hasira.

"Kula," alisema. "Nimeyaosha."

Kisha yeye mwenyewe akatangulia kumega tonge, akachovya, akatia mdomoni, akatafuna huku akitazama mlangoni, kule nje kulikokuwa na mvua. Mwanaheri naye akamega. Alikula polepole, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye mkono wa kulia. Walipomaliza aliosha vyombo, akavifunika, na mvua ilipopungua wakarudi shambani, kwa kuwa upande wa chini ulikuwa bado haujapaliliwa.